Nani Atabaki Singida?

Jina la Singida nililizoea kwenye msimamo wa Ligi Kuu miaka mingi kabla sijaukanyaga mkoa wenyewe. Ilianza Singida United, ikafuata Singida Big Stars, ikaja Singida Fountain Gate, na sasa ni Singida Black Stars. Tangu 2017 hadi 2025 mji mmoja umebeba majina manne kwenye ligi ileile, na kila jina limekuja na jezi zake, viongozi wake na wachezaji wake. Mimi nimezaliwa Temeke, Dar es Salaam, mahali ambapo mtoto hurithi Simba au Yanga kutoka kwa baba au mjomba, na hakuna anayejiuliza kama timu hiyo itakuwapo mwakani. Singida swali hilo limeshaulizwa zaidi ya mara moja, na limeshajibiwa kwa uchungu.

Ndiyo maana nilichagua kwenda wakati ambao hakuna mechi hata moja ya ligi: Agosti 2025, dirisha kubwa la usajili likiwa wazi na nchi nzima ikiwa na CHAN, mashindano tuliyoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nilitaka kuwasikia mashabiki wa mji ule wakihesabu nani katoka, nani kaja na nani yupo. Mechi inaweza kumpata hata mpita njia. Kikao cha usajili humpata shabiki mwenye timu yake moyoni.

Safari ilianzia Stesheni ya Magufuli, kwenye treni ya umeme. Tangu treni ile ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima barabarani imekuwa ya asubuhi moja. Milima ya Uluguru ilikuja na kupita nikiwa bado naipanga mizigo yangu, na Kilosa haikunipa muda wa kuiangalia vizuri. Kijana aliyekaa mkabala nami alikuwa amevaa jezi ya Simba, na simu yake ilikuwa na habari moja tu: Jonathan Sowah. Mghana huyo alitua Singida Black Stars Januari 2025, akafunga mabao 13 ya ligi ndani ya nusu msimu, na sasa Simba walikuwa wamemchukua. Kijana alikuwa akirudia video ya mabao yake, bao baada ya bao, mpaka tukaingia Morogoro.

“Unaenda Dodoma, dada?” akaniuliza.

“Naunganisha. Naenda Singida.”

“Basi wape pole,” akasema, na hakuwa na kejeli. “Mtu kama yule akiondoka, timu ndogo inabaki na kazi.”

Dodoma nikapanda basi. Mashamba ya mpunga ya Bahi yalikuwa yamekauka, majaruba yamepasuka kwa jua. Tukapita Kintinku, na baada ya hapo barabara ikaanza kuupanda mlima wa Saranda, basi likishuka gia huku malori ya mizigo ya Rwanda na Kongo yakijikokota mbele yetu. Ukimaliza kupanda, hewa inabadilika. Manyoni basi lilisimama kushusha na kupakia, na upepo ulioingia mlangoni ulikuwa wa baridi, mkavu, wenye vumbi jembamba. Jirani yangu wa kiti, mama wa makamo anayenunua vitunguu Ikungi na kuvipeleka Dodoma, alijifunga kanga ya pili mabegani bila kuacha kuzungumza.

Kuanzia hapo ni nchi ya alizeti. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Mashambani kulibaki mabua makavu yaliyosimama bila vichwa, na kandokando ya barabara kulipangwa madumu ya mafuta, ya lita 5 na ya lita 20, yakiwaka njano kwenye jua la saa tisa. Mama yule aliniambia niangalie rangi na ninuse kabla ya kununua. Kisha akaniuliza nafuata nini Singida. Nilipomwambia nafuata habari za usajili wa Black Stars, akacheka kidogo, akasema mwanawe wa mwisho hali chakula mpaka taarifa ya michezo ya usiku iishe. “Tangu juzi anamtaja Chama. Chama, Chama. Nikamwambia, mwanangu, huyo Chama anakujua?”

Nilishuka Stendi ya Misuna jua likielekea kuzama. Madereva wa bodaboda walikuja mbio, na mmoja wao alinifanya nisimame. Alikuwa kijana wa miaka kama 25, kofia ngumu mkononi, na kifuani alikuwa na jezi iliyochujuka yenye maandishi ya Singida Big Stars. Klabu yenye jina hilo haipo tena. Ilitokana na DTB, timu iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2022/23 na kubadilishwa jina. Msimu huohuo ikamaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikafungwa 2-1 na Mlandege. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika mpaka ikatolewa na Future ya Misri. Halafu ikaondoka. Leo inaitwa Fountain Gate na makazi yake ni Babati, mkoani Manyara.

Nikamuuliza kwa nini bado anaivaa.

“Timu ilihama, dada. Mimi sikuhama.”

Nikapanda pikipiki yake, na huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu siku zote nilizokaa mjini.

Asubuhi alinipeleka kijiweni kwao, karibu na soko, chini ya ukuta unaokinga upepo. Muuza kahawa alikuwa na birika mbili juu ya jiko la mkaa na kisinia cha kashata za karanga. Mabenchi mawili yalikuwa yanatazamana. Wazee walikaa upande wenye jua, vijana upande wa kivuli, na nilipoamkia “shikamooni” wazee waliitikia “marahaba” kwa pamoja kisha mmoja akasogea kunipa nafasi. Hakuna aliyeniuliza natokea gazeti gani. Waliniuliza timu gani.

Mwenyeji wangu akatoa daftari kutoka ndani ya koti. Ni daftari la shule, la kurasa 80, jalada limeshikiliwa na selotepu. Ukurasa wa katikati alikuwa ameugawa sehemu tatu kwa rula, na juu ya kila sehemu kaandika kwa herufi kubwa: WAMETOKA, WAPO, WANAKUJA. Waliotoka wameandikwa kwa wino mwekundu, na Sowah ndiye wa kwanza. Wanaokuja wameandikwa kwa wino wa bluu, na mbele ya kila jina kuna alama: nyota moja kwa tetesi, mbili kwa habari iliyosemwa redioni, tatu kwa mchezaji aliyekwisha kutambulishwa na klabu. Majina ya sehemu ya katikati, ya wale waliopo, yote yalikuwa yameandikwa kwa penseli.

Nilimwuliza mbona penseli.

“Hao ndio wanaofutika,” akajibu mzee mmoja badala yake, na benchi zima likatikisa kichwa.

Mjadala wa kwanza ulikuwa wa Sowah. Fundi cherehani aliyekaa pembeni, tepu ikining'inia shingoni, alisema klabu imefanya biashara nzuri: umemleta mtu asiyejulikana nchini, kafunga mabao 13, umemuuza kwa mkubwa, sasa nunua watatu. Kijana wa duka la vipuri hakukubaliana. Alisema mabao hayanunuliwi kwa hesabu ya watatu kwa mmoja. Akakumbusha Elvis Rupia, Mkenya aliyekuwa anawafungia tangu mwanzo wa msimu uliopita. Kwamba huyo ndiye angebebeshwa mzigo sasa, na kwamba mshambuliaji akibaki peke yake mabeki wa ligi hii humzoea ndani ya wiki tatu. Fundi akajibu kuwa timu iliyomaliza nafasi ya nne haikubebwa na mtu mmoja. Hapo akawa amegusa pabaya, kwa sababu kila mtu alikuwa na jina lake la kutaja.

Ndipo nikaelewa jinsi watu hawa wanavyoijua timu yao. Msimu wa 2024/25, ambao ulikuwa wa kwanza wa jina la Black Stars baada ya Ihefu ya Mbarali kuhamia Singida na kubadilishwa jina, timu ilipita mikononi mwa makocha kadhaa. Alianza Mbelgiji Patrick Aussems. Akaja Miloud Hamdi, na kabla hajamaliza hata miezi miwili, Yanga wakamchukua Februari 2025. Mkenya David Ouma ndiye aliyeifikisha mwisho: nafasi ya nne kwenye ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na fainali ya Kombe la CRDB pale New Amaan, Zanzibar, Juni 29, ambako Yanga walishinda 2-0. Sasa walikuwa wamemkabidhi timu Miguel Gamondi, Muargentina aliyeipa Yanga ubingwa wa 2023/24. Watu wa kijiweni waliyasimulia haya kwa mtiririko, kila mmoja akimpokea mwenzake, na waliposema “tulifungwa fainali” nilisikia kweli wamefungwa wao.

Mjadala wa pili ulichukua asubuhi yote iliyobaki, nao ulikuwa wa viungo. Clatous Chama, Mzambia aliyezaliwa 1991, alikuwa anatoka Yanga baada ya miaka ya utukufu Simba. Khalid Aucho, Mganda wa 1993, naye alikuwa anatoka Yanga baada ya misimu minne. Wote wawili walikuwa upande wa wino wa bluu. Kwa jina, hakuna timu ya mkoani iliyowahi kuwa na viungo wa aina hiyo kwa pamoja. Lakini kijana wa vipuri alikuwa amefanya hesabu nyingine, ya ratiba. Ligi ingeanza katikati ya Septemba. Kombe la Kagame lingechezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi huohuo. Droo ya CAF, iliyopangwa palepale Dar es Salaam, ilikuwa imewapa Rayon Sports ya Rwanda, mechi ya kwanza Kigali. Ndani ya mwezi mmoja timu ingecheza mashindano matatu.

Akaomba daftari, akafungua ukurasa mweupe, akachora viwanja viwili ubavu kwa ubavu. Kimoja akakiandika LIGI, kingine AFRIKA.

“Chama hawezi kucheza Jumatano na Jumamosi kila wiki,” alisema huku akiandika. “Aucho ndiyo kabisa, kazi ya namba sita ni kukimbia na kugongana. Gamondi lazima awe na sita wawili na kumi wawili. Akimpanga Aucho Kigali, mechi ya ligi inayofuata amwanzishe kiungo mwingine, Keyekeh, Aucho apumzike benchi. Akifika dakika ya 60 timu inaongoza, amtoe Chama bila kuangalia majukwaani.”

“Na mashabiki wamelipa kumwona Chama?” akauliza fundi.

“Wamelipa kumwona Chama mpaka Mei.”

Jibu hilo lilinyamazisha benchi kwa muda. Kisha wakahamia langoni. Metacha Mnata au Amas Obasogie, Mnigeria? Muuza kahawa, ambaye hadi hapo alikuwa akimimina tu, akasema kipa hazungushwi kama kiungo. Mabeki wanataka sauti moja nyuma yao. Ukimbadilisha kila wiki, siku ya krosi ya mwisho kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mzee wa pembeni akasema kipa asiyecheza miezi mitatu ni mgonjwa. Mpe mechi za kombe, asije akaitwa siku ya shida mikono imelala. Wakakubaliana, baada ya vikombe kadhaa, kuwa kipa wa kwanza acheze ligi na Afrika, wa pili apewe Kombe la CRDB lote hadi timu itakapotoka au kubeba. Sijawahi kusikia kwenye redio uchambuzi wa makipa uliofikishwa mwisho namna ile.

Palikuwa pia na jambo la wageni. Kanuni wakati ule iliruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kuwa wachezaji watatu wa Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania: Emmanuel Keyekeh aliyetoka Ghana, Josephat Bada aliyetoka Côte d'Ivoire na Mohamed Damaro Camara aliyetoka Guinea. Nchi nzima ilizozana wakati ule. Kijiweni pale niliwakuta wamegawanyika bado. Kuna waliosema sheria imefuatwa na anayechukua pasipoti yetu ni mwenzetu. Kuna waliosema jambo hilo limeiongezea klabu nafasi za kusajili tu, na kwamba Bada alikwenda Algeria kuchezea JS Kabylie mwezi uleule aliotangazwa kuwa Mtanzania.

Hapo ndipo mzee aliyesema “hao ndio wanaofutika” alipoomba aongee. Alikuwa amevaa koti zito la sufu na ameweka fimbo katikati ya magoti. Alianzia Singida United. Alikumbuka msimu wa 2017/18, uwanja ukiitwa Namfua, kocha akiwa Mholanzi Hans van der Pluijm, timu ngeni ikamaliza nafasi ya tano. Juni 2018 alipanda basi kwenda Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, dhidi ya Mtibwa Sugar. Walifungwa 3-2. Alirudi usiku kucha, na njiani wakaimba kama walioshinda, maana walijua mwakani watarudi tena. Wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Miaka miwili baadaye, mwisho wa msimu wa 2019/20, timu ikashuka daraja.

“Big Stars ilipokuja, na yule Mholanzi akarudi nayo, nikasema sawa, Mungu katukumbuka,” alisema. “Ikaondoka nayo. Sasa ipo hii. Mimi sichagui mgeni wala mwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wachezaji wetu siku ya tatu haifiki. Wakishika jembe tu, wamekwisha kuuzwa.”

Fundi cherehani alitaka kujibu, akaacha. Mwenyeji wangu alikuwa anaangalia daftari lake.

Mchana tulikwenda uwanjani. Namfua siku hizi ni Uwanja wa CCM Liti. Liti ni jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya huku yanasema aliwapiga vita Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Lango lilikuwa limerudishwa, majukwaa matupu, mbuzi wawili wakila nyasi nje ya ukuta. Jirani na lango kuna mama lishe ambaye siku ya mechi ya Simba au Yanga huanza kuchinja kuku alfajiri. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika nchi nzima na huondoka kwa matenga kila siku kwenda Dar es Salaam. Mama huyu aliniambia siku ya mechi kubwa hawaondoki, wanaliwa papa hapa. Alinipakulia bakuli la mchuzi mwepesi, wenye kitunguu na chumvi tu, nyama ngumu kiasi cha kutaka subira, na ugali wa mtama pembeni. Swali lake kuhusu usajili lilikuwa tofauti na maswali ya kijiweni.

“Mimi nauliza mechi za Afrika watachezea wapi. Wakienda kucheza Dar es Salaam, huyo Chama mimi nitamwona kwenye televisheni kama watu wa Mtwara.”

Swali lake lilikuwa la haki. Klabu imejenga uwanja wake, Airtel Stadium, eneo la Mtipa nje kidogo ya mji, na ulifunguliwa Machi 2025 kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Tulikwenda kuuona. Upepo wa Mtipa hauna kizuizi. Unavuma moja kwa moja kutoka kwenye mawe makubwa yaliyolala uwandani, na kama bendera za kona zingekuwapo siku ile, zingenyooka. Nje ya ukuta kulikuwa na watoto kama kumi wakicheza na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za katani, magoli ni matofali mawili mawili. Mmoja, mwembamba, magoti yamechubuka, alikuwa langoni na hakukubali kutoka. Nilimwuliza anataka kuwa nani. Akasema kipa wa Black Stars. Nikamwuliza kipa gani anampenda. Akafikiri, akaniuliza naye: “Wa sasa hivi au wa mwaka jana?”

Mtoto wa miaka tisa au kumi, na tayari anajua kuwa jibu la swali hilo lina tarehe.

Jioni tuliishia kando ya Ziwa Singidani. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na jua linapozama maji ya chumvi ya Singidani huchukua rangi ya shaba. Mwenyeji wangu aliegesha pikipiki, akanieleza jambo ambalo hakulisema kijiweni. Hukaa na daftari kama lile kila dirisha tangu akiwa shule, enzi za United. Alikuwa nayo manne. Kila jina lilipoondoka aliweka daftari lake kabatini na kununua jipya. Alisema haandiki ili ajue zaidi ya wenzake. Anaandika kwa sababu anataka siku moja afungue daftari la msimu mpya na kunakili majina kumi na moja yaleyale ya msimu uliopita, bila kufuta.

Nimeizunguka ligi hii kwa miaka, nimekaa na mashabiki wa Simba pale Msimbazi na wa Yanga pale Jangwani wakati wa usajili. Kwao swali kubwa ni nani anakuja. Shabiki wa Jangwani anataka mshambuliaji mpya, picha ya usiku wa manane mtandaoni, mapokezi ya uwanja wa ndege. Ana haki hiyo, kwa sababu nyumba yake imesimama tangu 1935 na haitahama. Singida nimekuta swali jingine, nalo ni kubwa zaidi: nani atabaki. Mtu anayeuliza hivyo anaulizia ramani ya mahali pake. Anataka kujua kama jina la mji wake lililo kifuani mwa wachezaji lina watu wake nyuma yake, au limeazimwa tu mpaka mkataba uishe.

Niliporudi Dar es Salaam, mambo yalikwenda kasi. Chama na Aucho wote wakavaa jezi ya Singida. Septemba 15, kwenye fainali ya Kombe la Kagame Uwanja wa KMC, Singida Black Stars waliifunga Al Hilal ya Sudan 2-1, mabao yote mawili yakifungwa na Chama. Kombe la kwanza la ukanda wa Afrika Mashariki na Kati likawa limechukuliwa na timu ya Singida. Siku tano baadaye wakashinda 1-0 Kigali, na kwenye marudiano wakaiondoa Rayon kwa ushindi wa 2-1. Marudiano hayo yalichezwa Chamazi, Dar es Salaam, na nilimkumbuka mama lishe wa lango la Liti, ambaye mechi ya timu ya mji wake ilikuwa imechezwa karibu na kwangu kuliko kwake.

Kwa hiyo wale waliosema fedha na majina makubwa yataleta kombe walisema kweli, na kombe limekuja. Lakini mzee mwenye fimbo naye bado anadai lake, na sioni kama kombe limelilipa. Klabu hii sasa ina uwanja wake yenyewe na jina ambalo Al Hilal wanalijua. Kinachobaki ni mambo matatu yasiyohitaji mdhamini mpya. Wachezaji wanaoijenga timu wapewe mikataba ya kuwavusha zaidi ya msimu mmoja, hata kama mkubwa wa Kariakoo anabisha hodi. Vijana wa Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni watafutwe na kupandishwa mpaka kikosi cha kwanza, ili dirisha likifunguliwa wawepo wasio na pa kuuzwa kwa haraka. Na uwanja wa Mtipa ufikishwe kiwango cha CAF, ili mechi za Afrika zichezwe Singida.

Kila dirisha likikaribia, simu za mawakala huanza kuita. Viongozi wa Singida Black Stars watakapokaa kuamua nani auzwe, nawaomba waanze na orodha ya watakaobaki, waitangaze mapema, na waisimamie. Watu wa mji ule wamekwisha kubaki na timu za majina manne. Sasa ni zamu ya timu kubaki nao.